Mbolea ya ruzuku Trans Nzoia: maswali ambayo wakulima huuliza kila msimu

Kuanzia Januari, mashamba ya Kwanza, Endebess, Saboti, Kiminini na Cherangany, sehemu za kaunti ya Trans Nzoia nchini Kenya, yanapoanza kulimwa upya, maswali kuhusu mbolea ya serikali huwa ni yale yale. Mimi ni mkulima wa mahindi huku huku, na majirani huniletea simu zao niwasomee jumbe au niwaelekeze pa kwenda. Hapa nimekusanya maswali yanayorudi zaidi pamoja na majibu yake. Ukisoma moja tu, soma lile la mume na mke. Mbolea ya ruzuku hufuata jina lililo kwenye rejista ya wakulima, haimfuati anayeshika jembe, na ninavyoona mimi hapo ndipo wakulima wengi wadogo hupoteza haki yao.

Je, serikali inamlipa mkulima pesa taslimu?

Hapana. Hakuna pesa inayoingia kwenye simu yako wala kwenye akaunti yako ya benki. Serikali ya kitaifa inabeba sehemu ya gharama ya mfuko kabla haujakufikia, nawe unalipa kilichobaki. Kwa hiyo mtu akikupigia simu akasema "hela yako ya ruzuku imetoka, tuma ada kidogo tuiachilie", kata simu. Hakuna kitu kama hicho.

Kusajiliwa nako ni bure. Hulipi chifu, hulipi mzee wa kijiji, hulipi kijana aliyekuja na simu ya kuandikisha watu. Hata "ya chai" huna deni nayo.

Mfuko ni bei gani?

Shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50. Bei hiyo ilianza Agosti 2023 na ikaendelea katika misimu ya 2024 na 2025. Kabla ya hapo ilikuwa 3,500, iliyotangazwa Septemba 2022 mara tu Rais William Ruto alipoapishwa. Wakati huo mfuko sokoni ulikuwa karibu 6,500. Urusi ni mmoja wa wauzaji wakubwa wa mbolea duniani, na vita vya Ukraine vilivyoanza Februari 2022 vilipandisha bei iliyokuwa imeshaanza kupanda.

Tuseme unalima ekari moja kwa mifuko miwili, mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia. Kwa bei ya ruzuku ni shilingi 5,000. Kwa bei ile ya soko ya 2022 ni 13,000. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kununua gunia la mahindi la kilo 90 kwa shilingi 4,000. Maana yake ni kwamba kwa bei ya ruzuku, gunia moja na robo linarudisha gharama ya mbolea, na kwa bei ile ya soko ungetoa magunia matatu na zaidi kabla hujahesabu mbegu, trekta, palizi na watu wa kuvuna. Ndiyo maana tunaing'ang'ania ruzuku hii hata inapotuchosha.

Mpango huu ulianza na Ruto?

Hapana. Mwaka 2007 kulikuwa na mpango wa kuwapa wakulima wadogo mbegu na mbolea ya kutosha ekari moja bila malipo. Baada ya ghasia za uchaguzi na bei za dunia kupanda mwaka 2008, serikali ikaanza kuuza mbolea ya bei nafuu kupitia Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, ambayo sote tunaiita NCPB. Wenye umri wangu wanakumbuka barua za chifu za kumruhusu mtu kununua, foleni na malori ya watu wasiolima hata kitalu cha sukuma wiki yakitoka depo, yaani kituo cha kuuzia mbolea, yamejaa.

Kilichobadilika tangu 2023 ni rejista. Wakulima wameandikishwa kwenye mfumo wa kompyuta unaoitwa KIAMIS. Zaidi ya milioni 6 nchini wamo. Mtu anapata vocha, yaani kibali cha kununua kwa bei ya ruzuku, kwa ujumbe wa simu, na mgao wake unatokana na ekari zilizoandikwa. Mfumo una matatizo yake, nitayataja, lakini ni bora mara nyingi kuliko enzi ya barua.

Shamba letu halina hati miliki. Nitasajiliwa?

Ndiyo. Kinachoandikwa ni wewe, kitambulisho chako, nambari yako ya simu, mahali shamba lilipo, ukubwa wake na unachopanda. Hati miliki si sharti. Na huku kwetu isingewezekana kuwa sharti. Sehemu kubwa ya Trans Nzoia ilikuwa mashamba ya walowezi. Baada ya uhuru watu wakajiunga kwenye makampuni na vyama vya kununua ardhi, wakagawana, na mpaka leo kuna familia zinazolima kipande walichonunua babu zao huku hati ikiwa bado ni ya shamba zima. Hao wote ni wakulima na wana haki ya kuandikwa.

Kinachotakiwa ni kwamba mzee wa kijiji na naibu wa chifu wanakujua na wanajua unalima wapi.

Nami ninayekodi?

Andikisha ekari unazolima msimu huu, hata kama ni za kukodi. Shida huja pale mwenye shamba naye ameziandika kama zake. Kabla ya kulipa kodi, kubalianeni nani ataziandikisha, na mliweke hilo kwenye karatasi ya makubaliano, mstari mmoja tu unatosha. Nimeona mtu amelipa kodi ya ekari tatu, halafu mwenye shamba anachukua mbolea ya ekari hizo hizo na kumuuzia mpangaji wake kwa bei ya duka. Huo ni wizi, hata kama wanasalimiana kanisani.

Ukiacha kukodi mwaka ujao, rudi ukapunguze ekari zako. Ekari hewa za mtu mmoja ni mbolea ya mwenzake aliyeambiwa imeisha.

Mume wangu ndiye aliyesajiliwa, lakini anafanya kazi Nairobi. Mimi ndiye ninayelima. Ujumbe unaingia kwa simu yake. Nifanyeje?

Swali hili ndilo ninaloulizwa zaidi, na karibu kila mara anayeuliza ni mwanamke.

Mambo huwa hivi. Watu wa usajili walifika mwezi ambao baba mwenye nyumba alikuwa nyumbani, au mzee wa kijiji alitaja majina ya wenye boma kama alivyozoea tangu zamani. Jina la baba likaandikwa. Machi inafika, vocha inaingia kwenye simu iliyoko Nairobi, katikati ya jumbe za mikopo na za kamari. Haisomwi. Au inasomwa, inatumwa kwa mke, naye anafika depo akiwa na ujumbe uliotumwa na mtu mwingine, kitambulisho chake mwenyewe, na jina lisilolingana. Karani anamwambia arudi na mwenyewe. Mama amesimama pale na magunia matupu ya kukalia, mvua inatisha upande wa Mlima Elgon, na shamba limeshapigwa haro, tayari kwa kupandwa.

Suluhisho la kudumu ni huyo mama aandikwe kwa jina lake, kitambulisho chake na laini yake, kwa ekari anazolima yeye. Haombi fadhila ya mtu. Rejista ni ya wakulima, na yeye ni mkulima. Kama ekari tayari ziko kwa jina la mume, mume aende kwa naibu wa chifu au kwa afisa wa kilimo wa wadi aombe zihamishwe, au wagawane. Zisiandikwe mara mbili. Jambo hili lifanyeni Novemba au Desemba, mume akija likizo, kwa sababu ikifika Machi afisa wa wadi hana nafasi hata ya kunywa maji.

Wajane nao wasikilize. Jina la marehemu likibaki kwenye rejista, vocha inaendelea kwenda kwa laini ambayo pengine imeshafungwa, au iko mikononi mwa shemeji. Beba kitambulisho chako na cheti cha kifo ukabadilishe. Huhitaji kungoja kesi ya urithi iishe mahakamani ndipo utambuliwe kuwa unalima. Kesi ya urithi inaamua mwenye ardhi ni nani, na rejista hii inauliza tu nani analima.

Wanaume wenzangu, kama uko mjini na mkeo ndiye mkulima, mpe jina lake kwenye rejista. Mahindi hayo ndiyo karo ya watoto wako.

Niliandikishwa lakini sijapata ujumbe wowote.

Sababu tatu ndizo nyingi. Ya kwanza, nambari ya simu iliandikwa vibaya au umebadilisha laini. Ya pili, tarakimu ya kitambulisho ilikosewa. Ya tatu, jina liliandikwa kwenye daftari la karatasi na halikuingizwa kwenye mfumo. Ujumbe hauwezi kukueleza ni ipi kati ya hizo, lazima mtu afungue rekodi yako aangalie. Nenda kwa afisa wa kilimo wa wadi ukiwa na kitambulisho na simu mkononi. Mwombe akusomee tarakimu moja moja kama zilivyoandikwa, nawe uzilinganishe. Usikubali kuambiwa "uko kwenye mfumo" ukaondoka.

Siku ya kwenda kuchukua nibebe nini?

Kitambulisho chenyewe, si nakala, simu yenyewe iliyopokea vocha ikiwa na chaji, na pesa ziwe tayari kwenye M-Pesa. Malipo ni ya simu. Ukiambiwa utoe noti mkononi, uliza kwa nini, na usitoe bila risiti.

Kabla hujatoka nyumbani, mpigie simu mtu aliye karibu na depo umuulize kama aina unayotaka ipo. Vocha ni haki ya kununua. Haimaanishi kwamba mfuko umewekwa kando ukikungoja.

Depo iko mbali. Nauli inakula ruzuku yote.

Ni kweli, na hili linawaumiza wadogo kuliko wakubwa. Mwenye ekari 50 anakodi lori moja na gharama inagawanyika kwa mifuko mingi. Mwenye ekari moja anabeba mifuko miwili kwa bodaboda. Bodaboda ikimtoza 500 kwa mfuko, bei yake halisi si 2,500 tena, ni 3,000, na hapo hatujahesabu siku nzima aliyopoteza, na ya pili kama aliambiwa arudi kesho.

Serikali za kaunti zimejaribu kusogeza mbolea karibu kwa kufungua vituo kwenye vyama vya ushirika na maghala ya wadi. Ulizia kama wadi yako ina kituo kabla ya kufunga safari ya Kitale. Na pale kisipokuwepo, njia inayofanya kazi ni majirani kumi kwenda siku moja, kila mmoja na kitambulisho chake na simu yake, na kukodi pikapu moja ya kurudia. Mwakilishi wa wadi anayeomba kura kwa ahadi ya barabara aulizwe pia kuhusu ghala. Linagharimu kidogo sana kuliko barabara.

Mbona mbolea huchelewa?

Hutoka ng'ambo, inapita bandari ya Mombasa, inasafirishwa hadi maghala ya NCPB, halafu depo. Zabuni ikichelewa au pesa za wizara zikichelewa, mnyororo wote unachelewa. Lakini mvua haichelewi kwa ajili ya mtu. Huku tunapanda kuanzia mwisho wa Machi hadi katikati ya Aprili, na mahindi yetu ya nyanda za juu, kama mbegu ya H614, hukaa shambani muda mrefu. Ukipanda Mei unayasukuma kwenye baridi na magonjwa. Mbolea ya kupandia inayofika mahindi yakiwa yameshaota ni hasara hata ikiwa ya bure, kwa sababu fosfeti, kirutubisho kikuu cha mbolea ya kupandia, haisafiri kwenye udongo; inafaa iwe shimoni, karibu na mbegu.

Ushauri wangu: vocha ikitoka Februari, nunua Februari. Ihifadhi juu ya mbao, mbali na ukuta na sakafu, mdomo wa mfuko ukiwa umefungwa. Usingoje tone la kwanza, siku hiyo kaunti nzima iko kwenye foleni.

Nichukue aina gani, na mifuko mingapi kwa ekari?

Kwa mahindi, kipimo cha kawaida huku ni mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia kwa ekari. Soma tarakimu zilizo kwenye mfuko, ni asilimia za naitrojeni, fosfeti na potashi kwa mpangilio huo. DAP, mbolea ya kupandia, ni 18:46:0, yaani mfuko wa kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti. NPK ya 23:23:0 ina kilo 11 na nusu za kila moja. Kwa hiyo ukipewa hiyo badala ya DAP, umepata nusu ya fosfeti kwa bei ile ile. Si mbolea mbaya, ila ujue ulichobeba.

Kwa kukuzia, mfuko wa CAN wenye asilimia 26 unakupa kilo 13 za naitrojeni. Yurea yenye asilimia 46 inakupa kilo 23. Yurea ifukie, kwa sababu ikiachwa juu ya udongo mkavu sehemu yake inapotea hewani. Wakati wake ni mahindi yakifika magotini.

Na tusisahau asidi. Miaka mingi ya DAP kila msimu imechangia kuufanya udongo wa mashamba mengi ya huku kuwa na asidi, na udongo wa namna hiyo hushikilia fosfeti isifikie mizizi. Unaweza kununua mbolea ya ruzuku kila mwaka na mavuno yakabaki pale pale. Pima udongo, na kama asidi iko juu tia chokaa ya kilimo kabla ya msimu. Ningependa siku moja chokaa ipewe uzito ule ule unaopewa mbolea.

Na ile mbolea feki ya 2024?

Machi 2024 waandishi wa habari za uchunguzi walifichua kwamba mifuko iliyouzwa chini ya mpango wa ruzuku ilikuwa na vitu visivyo mbolea. Shirika la Viwango, KEBS, likazuia shehena, NCPB ikasimamisha uuzaji wa aina zilizotiliwa shaka. Waziri wa kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, alipigiwa kura ya kuondolewa na Bunge la Taifa mwanzoni mwa Mei, kisha kamati maalumu ya wabunge ikasema madai hayakuthibitishwa. Julai mwaka huo aliondoka pamoja na karibu baraza zima la mawaziri lililovunjwa na Rais. Serikali iliahidi kuwafidia wakulima.

Kwa mkulima, fidia ya mfuko si fidia ya msimu. Mbegu ilikuwa ardhini, mvua ilikuwa imeshanyesha, nguvu zilikuwa zimetumika. Mfuko mpya ukifika mwezi wa tano, hauwezi kurudisha Aprili. Ilitokea kwa watu waliofanya kila kitu walichoambiwa, waliojiandikisha, waliolipa kwa simu, waliopanga foleni kwenye ghala la serikali yao. Hilo halipaswi kusahaulika haraka.

Nitajuaje kama niliyonunua ni ya kweli?

Kwa macho huwezi. Wengi hutia punje kwenye glasi ya maji, zikibaki chini wanasema ni mawe. Kipimo hicho kinadanganya. CAN ya kweli ina chokaa ndani yake na huacha mashapo. Ukweli unapatikana maabara, kama vile ya KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, inayopima mbolea.

Unachoweza kufanya ni kulinda ushahidi. Usifute ujumbe wa vocha wala ule wa M-Pesa. Piga picha ya mfuko pande zote, hasa nambari ya toleo na jina la mtengenezaji. Tunza mfuko mtupu mmoja. Toa kilo moja, ifunge kwenye nailoni, andika tarehe, weka mahali pakavu mpaka mahindi yatoe mbelewele. Mkifanya hivyo majirani watano walionunua siku moja, hamtakuja kuambiwa kwamba mlizidisha chumvi.

Naweza kuuza vocha yangu kama sina pesa za kununua?

Usifanye hivyo. Broker atakupa mia chache, atachukua mbolea na kuiuza kwa bei ya duka au kuihamishia kwenye mifuko mingine, na ekari zako zitaonekana zimehudumiwa. Kama pesa hazitoshi, nunua ya kupandia kwanza na ulize depo ni lini unaweza kurudi kwa ya kukuzia.

Nilalamike kwa nani, kaunti au Nairobi?

Inategemea kilichokwama. Mbolea yenyewe, bei yake na vocha ni vya wizara ya kilimo ya kitaifa, na depo ni za NCPB. Machifu na manaibu wao pia ni wa serikali ya kitaifa. Lakini kilimo kiligatuliwa na Katiba ya 2010, kwa hiyo maafisa wa kilimo wa wadi ni wa kaunti, na vituo vya mashinani mara nyingi vinahitaji mkono wa kaunti. Mpaka huu ndio unaotumiwa kumrusha mkulima huku na huko. Andika malalamiko yako kwa barua moja, nakala kwa afisa wa wadi na nakala kwa depo, na upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala unayobaki nayo.

Tunaweza kudai kujua wadi yetu ilipata mifuko mingapi?

Ndiyo. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa taasisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Huhitaji wakili wala kueleza sababu. Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Hutapewa orodha yenye vitambulisho na simu za watu, kwa sababu Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawalinda, nasi wenyewe tusingependa nambari zetu zizagae. Lakini idadi ya mifuko iliyofika depo, tarehe iliyofika, aina zake, idadi ya wakulima waliohudumiwa kwa wadi na ekari zao kwa jumla, hizo ni habari za umma. Wakikataa au wakinyamaza, pelekeni rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana kama Ombudsman. Barua ya kwanza ipelekeni mapema, kabla ya msimu kuisha, wakati hesabu za depo bado ziko mezani.